Kwa nini rangi ya picha ya 3D haifanani na ya ukutani

Mteja anatumiwa picha ya 3D kwa WhatsApp, anaipenda ile krimu, ananunua ndoo za rangi. Ukutani inatoka nyingine kabisa. Anayelaumiwa ni fundi rangi, ila tatizo linaweza kuwa limeanzia kwenye kompyuta.

Chukua Blender, programu ya bure. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2023, picha zake hupitia mfumo wa AgX usipobadilisha kitu. Kabla ya hapo, kuanzia 2.80 ya 2019, ilikuwa Filmic. Mifumo yote miwili hupooza rangi ili sehemu zenye mwanga mkali zisiungue. Picha inapendeza kweli, lakini namba ya rangi uliyoingiza siyo itakayotoka. Ukichagua Standard rangi inakaribia zaidi namba yake, ingawa dirisha lenye jua linaweza kugeuka jeupe tupu.

Halafu kuna nyeupe ya 255. Hakuna ukuta unaorudisha mwanga wote. Hata rangi nyeupe mpya hubaki chini ya asilimia 100. Sakafu nyekundu ikirusha wekundu ukutani, hilo si kosa, hata nyumba halisi hufanya hivyo.

Kupiga picha kadi ya rangi kwa simu ni kubahatisha, maana kamera hujirekebishia weupe yenyewe. Bora namba ya kiwanda, mfano ya RAL. Na kabla ya kulipia ndoo zote, paka kipande kidogo ukutani, ukitazame asubuhi na jioni.