Kuta mbili za Diego Rivera

Kazi ilianza usiku. Wasaidizi walipiga lipu ya chokaa kwenye kipande cha ukuta kinachotosha siku moja, kisha Diego Rivera, mchoraji wa Mexico, akapanda jukwaani na brashi zake. Rangi yake ilikuwa unga uliokorogwa kwa maji, na ilibidi inywewe na lipu ikiwa bado mbichi. Ikishakauka, chokaa imeshika. Ukikosea hufuti, unabandua na kuanza upya.

Hivyo ndivyo zilivyopatikana, kati ya Julai 1932 na Machi 1933, picha 27 zinazozunguka kuta nne za ukumbi wa Taasisi ya Sanaa ya Detroit, Marekani. Mlipaji alikuwa Edsel Ford, rais wa kampuni ya magari ya Ford. Hali ilikuwa tete. Machi 1932, kabla Rivera na mkewe Frida Kahlo hawajafika, watu wasio na ajira waliandamana hadi kiwanda cha Ford cha River Rouge. Wakapigwa risasi, baadhi yao wakafa. Rivera alishinda kiwandani humohumo akinakili mitambo. Ukutani, waliotawala ni wafanyakazi, migongo imepinda, wakiunda injini za V8.

Balaa lilizuka kwa picha moja ndogo ya juu. Mtoto anachanjwa, muuguzi kamshika. Mbele yao wamesimama farasi, ng'ombe na kondoo, wanyama waliotumika kutengenezea chanjo. Viongozi wa dini waliona hori la Bethlehemu likikejeliwa. Gazeti moja likataka ukumbi wote upakwe chokaa. Ford hakutetereka, na picha zikabaki.

New York mambo yalikwenda kombo. Kwenye ukumbi wa kuingilia wa jengo kuu la Rockefeller Center, Rivera alimchora Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya kikomunisti ya Urusi. Mei 1933 Nelson Rockefeller, wa familia ya matajiri waliolijenga, akamwandikia amwondoe. Rivera akawa tayari kumwongeza Abraham Lincoln, ila Lenin hatoki. Akalipwa ujira wake wote, akashushwa jukwaani, picha ikafunikwa. Februari 1934 ikavunjwavunjwa.

Mwaka huohuo aliichora tena Mexico City, katika Palacio de Bellas Artes. Lenin yumo. Yumo pia baba yake Nelson, mtu asiyegusa pombe maishani, ameshika bilauri ya kileo.

Turubai huviringishwa likahama na mwenyewe. Mchoro wa ukutani ni mpangaji: mwenye nyumba akichukia, hauna pa kwenda. Lakini mwaka 2013 jiji la Detroit lilipofilisika, wadai wakaitolea macho hazina ya taasisi ile. Picha ya kwenye fremu hushushwa msumarini ikapelekwa mnadani. Za Rivera zilikwisha kunywewa na ukuta miaka 80 nyuma. Atakayezitaka, na abebe jengo.