Faida ya Shaba Ilikwenda Wapi?

Tumewasikia wazee wa Lubumbashi na Likasi wakisifu kampani ya zamani: posho ilitoka, hospitali ilikuwa na dawa, shule ilikuwa na vitabu. Wengine wakumbuka risasi tu. Wote wasema kweli. Ili tuelewe, yafaa tuulize fedha za kampani zilitoka wapi, na faida yake iligawanywa namna gani.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mali ya kuanzia ilitolewa na Société Générale ya Ubelgiji pamoja na Tanganyika Concessions ya Robert Williams. Comité Spécial du Katanga, iliyosimamia ardhi, ilitoa ruhusa ya kuchimba, ikapewa hisa; na theluthi mbili za mapato yake zilikuwa za Serikali. Tuangalie vema jambo hili: Serikali ya mkoloni ilikuwa mwenye sheria, na tena mshiriki katika faida.

Miaka ya kwanza wafanyakazi walikuja kwa mikataba mifupi, mara nyingi pasipo wake zao, na wengi walikufa kwa magonjwa. Kutafuta watu wapya kila mara kulikula fedha nyingi. Basi tangu mwaka 1928 hivi kampani ilichagua njia nyingine: mkataba wa miaka mitatu, nyumba ya mume na mke, matunzo ya watoto wachanga, shule zilizokabidhiwa wamisionari. Hatudhani ilikuwa huruma tupu, ilikuwa hesabu. Lakini hesabu hiyo ilitazama mbali, na watoto wakaishi. Kwa shabaha hiyo hiyo faida ilitiwa katika mitambo ya umeme wa maji: Mwadingusha mwaka 1930, Nzilo 1952, Nseke 1956.

Walakini wakati wa vita bei za vitu zilipanda kuliko mishahara. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira huko Lubumbashi, askari wakawapiga risasi, na makumi wakafa. Wangemlilia nani? Yule aliyepaswa kuamua kati yao na kampani alikuwa na fungu lake katika faida.

Mwaka 1967 machimbo yakawa mali ya taifa. Kampani mpya ndiyo iliyoitwa baadaye Gécamines. Watu walifurahi, na kwa haki. Mwaka 1986 ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Ila fedha zilichukuliwa kwa matumizi mengine ya wakubwa, mashine zikazeeka bila kubadilishwa. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 1994 shaba haikufika hata tani 40,000, na mishahara ikachelewa miezi na miezi.

Ndipo, tangu mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walilipwa ili waache kazi. Walipokea mara moja tu, wakatia sahihi, wakarudi nyumbani. Hospitali na shule za kampani hazikuwa zao tena.