Rauta ya Betri: Ilikotoka, na Namna ya Kuichagulia Biti

Vikundi vya useremala na vya ufugaji nyuki vinapoandaa maombi ya mkopo wa halmashauri, rauta ya betri imeanza kuonekana kwenye orodha ya vifaa. Mkopo hurudishwa, mashine ifanye kazi isifanye. Kwa hiyo leo tupitie historia ya kifaa hiki. Kila hatua ilitatua tatizo moja, na matatizo hayo ndiyo ya kuulizia dukani.

Kazi yenyewe ni ya zamani

Rauta huchonga mifereji, huviringisha kingo na kutoa maua kwenye mbao. Kazi hiyo ilifanyika kwa mkono karne nyingi. Milango ya nakshi ya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni kazi ya patasi na nyundo. Kwa mistari mirefu, mafundi wa Ulaya walikuwa na randa za maua, kila umbo na randa yake. Ustadi ulikuwepo. Kilichokuwa ghali ni muda.

Mota

Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, fundi R. L. Carter wa jimbo la New York, Marekani, alichukua mota ya mashine ya kunyolea nywele akaifunga kikatio kidogo. Mashine zake zilipendwa, na mwaka 1929 kampuni ya Stanley ikainunua biashara hiyo. Siri ilikuwa kasi. Rauta ndogo za leo huzunguka kati ya mara 10,000 na 30,000 kwa dakika. Badala ya randa kumi, fundi akawa na mashine moja na biti kumi.

Makali

Kasi ikaleta joto, na joto huua makali ya chuma. Jibu lilipatikana Ujerumani miaka ya 1920: kabaidi ya tangsteni, ambayo Krupp waliiuza kwa jina la Widia, kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya “kama almasi”. Kwetu jambo hili lina uzito. Mvule mara nyingine hubeba ndani yake vijiwe vya chokaa, na gundi iliyomo kwenye MDF nayo hula makali. Biti ya chuma cha HSS inatosha kwa mbao laini za msonobari. Kwa mvule, mninga au MDF, chukua yenye ncha za kabaidi.

Betri

Mwaka 1961 Black & Decker walitoa drili ya betri, lakini betri za wakati huo zilikuwa na nguvu ndogo. Sony walianza kuuza betri za lithiamu mwaka 1991, na katikati ya miaka ya 2000 zikaingia kwenye zana za mafundi.

Fanya hesabu kabla ya kulipa. Betri ya volti 18 yenye Ah 5 hubeba wati-saa 90. Rauta ikivuta wati 400, hizo ni dakika 13 hivi za kukata mfululizo. Zinatosha kuchimba nafasi za bawaba au kuviringisha kingo za meza. Hazitoshi kuchonga milango kutwa nzima.

Sasa ununue nini?

1. Kama karakana ina umeme wa uhakika, ya waya ni nafuu na haisubiri chaji. Ya betri inamfaa anayefunga milango kwa wateja, au aliye mbali na umeme lakini ana pa kuchaji.

2. Kama tayari una drili ya betri, tafuta rauta ya chapa hiyohiyo inayotumia betri ileile. Uliza pia kama bei ni pamoja na betri na chaja, maana nyingi huuzwa mashine tupu.

3. Linganisha mkia wa biti na koleti, yaani kile kinachoibana. Milimita 6 na robo inchi (milimita 6.35) si kitu kimoja. Mkia mwembamba kwenye koleti pana unaweza kuchomoka ukiwa unazunguka.

4. Anza na biti tatu: ya kunyooka, ya kuviringisha kingo, na yenye beringi ya kufuata kiolezo. Kwa mizinga ya fremu, ya kunyooka inatosha kuchonga ngazi ya kuning'inizia fremu.

5. Kwenye mbao ngumu, kata milimita 3 hivi kwa kila mpito. Biti pana iende kwa kasi ndogo. Vaa miwani na barakoa, kwani vumbi la mvule huwasha. Toa betri kabla ya kubadili biti.

Kwenye bajeti ya kikundi, msimalize fedha zote kwenye mashine. Tengeni fungu la biti nzuri na betri ya pili. Rauta ya bei kubwa yenye biti butu huunguza mbao, na mbao iliyoungua mteja hailipii.