M67 (namba ya Mersenne)

M67 ni namba witiri isiyo tasa, yenye tarakimu 21, ipatikanayo kwa kutoa 1 katika 2 iliyoinuliwa kwa kipeo cha 67, na thamani yake ni 147,573,952,589,676,412,927. Ni ya jamii ya namba zilizonasibishwa na mtawa Mfaransa Marin Mersenne, ambaye mwaka 1644 aliitia, kimakosa, katika orodha yake ya namba tasa. Mwaka 1876 mwanahisabati Édouard Lucas, Mfaransa pia, alithibitisha kwa burhani kwamba si tasa, pasina kuvidhihirisha vigawo vyake. Navyo havikujulikana hata mwaka 1903, Mmarekani Frank Nelson Cole alipobainisha kuwa ni 193,707,721 na 761,838,257,287, ambavyo vyote viwili ni tasa.

Kwa sababu hiyo M67 ina vigawo vinne tu, ikihesabiwa 1 pamoja na namba yenyewe. Ikiandikwa kwa hesabu ya msingi wa mbili, huwa na tarakimu 67, zote moja. Na kila kigawo chake tasa, kikigawanywa kwa 134, yaani 67 mara mbili, hubakisha 1, kama ilivyo kanuni ya namba za Mersenne zenye kipeo tasa kilicho witiri.

Umuhimu wake katika elimu ya hisabati ni kuonyesha kwamba utasa wa kipeo haulazimu utasa wa namba itokanayo nacho, na kwamba kuthibitisha kuwa namba yagawanyika ni jambo moja, ilhali kuvipata vigawo vyake ni jambo jingine, aghalabu zito zaidi. Na juu ya uzito huo umejengwa usalama wa RSA, njia ya maandishi ya siri iliyobuniwa mwaka 1977.