Vyungu vya Kale na Rangi Mpya katika Nchi ya Igamba

Mfinyanzi hulia gae. Wahenga walipoyasema maneno haya walimkusudia fundi awatengenezeaye watu vyombo vizuri, naye mwenyewe akabaki kula katika kipande kilichovunjika. Lakini methali hii ina habari ya pili ndani yake, kwamba chombo cha udongo hakifi siku kinapovunjika. Chungu kilichopasuka mdomo huhifadhi mbegu. Mtungi unaovuja hunyweshea kuku. Na gae hupokea kaa la moto kutoka kwa jirani. Basi si ajabu kwamba katika kata ya Igamba, wilayani Mbozi, kama katika vijiji vingine vingi vya Tanzania, chungu kilichostaafu mekoni huweza kuonekana uani kimejaa udongo, na ua limechipua ndani yake. Jambo jipya ni vazi lake tu, yaani rangi ya kupuliza itokayo katika kopo. Yafaa kuuliza kama vazi hilo lamheshimu mzee huyo au lamzika.

Kwanza ifahamike kwamba kukipaka chungu rangi si desturi ya jana. Wanawake wa Kikisi, wakaao pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wamesifiwa tangu zamani kwa ufinyanzi wao. Hukisugua chombo kibichi kwa jiwe laini mpaka king'ae, hukipamba kwa udongo mwekundu na mweupe, kisha hukichoma. Walivichukua vyombo hivyo kwa mitumbwi wakavibadilisha kwa nafaka ya majirani zao, na hata leo vyungu vyao huuzwa mnadani Lyulilo, karibu na Matema. Wekundu ule asili yake ni chuma kilichochanganyika na udongo. Na mwenye kuchunguza kopo la rangi ya kahawia nyekundu iuzwayo dukani atakuta mara nyingi kwamba wekundu wake nao ni wa kutu ya chuma. Kwa hiyo rangi zenyewe ni ndugu. Tofauti yao iko katika kushikamana. Ile ya kale iliingia motoni pamoja na chungu, ikaiva nacho, ikawa mwili wake. Hii ya sasa hushikwa na gundi, hukauka kwa hewa, nayo hubaki kuwa ngozi juu ya mwili.

Rangi ya kopo ina historia fupi. Katika miaka ya 1920 Erik Rotheim wa Norway alibuni chombo kinachosukuma kimiminiko nje kwa nguvu ya gesi. Mwaka 1949 Edward Seymour, mwuza rangi wa jimbo la Illinois huko Marekani, alitia rangi katika kopo la namna hiyo, na yasemekana wazo lilikuwa la mkewe, Bonnie. Baadaye, mwaka 1974, wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi zilizotumika katika makopo mengi zaweza kuiharibu tabaka ya ozoni, na kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 mataifa yakaanza kuziacha. Gesi nyingi zilizoshika nafasi yao huwaka upesi. Ndiyo maana kopo halipulizwi karibu na jiko.

Lakini rangi isingalipata chungu cha kukipaka kama chungu kisingaliondoka jikoni kwanza. Sufuria na ndoo ndizo zilizokiondoa. Njia kuu iendayo Tunduma, na reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 ikapita katika nchi ya Mbozi, zilirahisisha safari ya vyombo vya kiwandani. Sufuria haivunjiki ikianguka, nayo huchemka upesi. Hakuna awezaye kumlaumu mama aliyeichagua. Hata hivyo wengi hawakukitupa chungu cha bibi. Walikipa kazi nyepesi, kama mzee apewavyo kuangalia nyumba.

Sasa, udongo uliochomwa kwa moto wa kuni hupitisha maji. Ndiyo sababu mtungi huyapoza. Chungu kikipakwa nje na kumwagiwa maji ndani, unyevu hutafuta njia ya kutoka, nao huisukuma rangi mpaka ibambuke. Fundi mwangalifu hukiosha, hukianika siku kadhaa, hupitisha msasa, kisha hupuliza tabaka nyembamba, moja baada ya nyingine, mahali penye hewa. Hutoboa tundu chini, maana chungu cha kupikia hakikuumbwa kitoe maji. Na kwa kuwa kitako chake ni cha mviringo, hukikalisha juu ya mafiga yaleyale kilichoyazoea. Naye hakirudishi tena kwenye chakula.

Ila katika kule kuosha na kusugua ndimo ilimo hasara. Huko Ivuna, katika bonde la Rukwa, mkoani Songwe, watu walichemsha maji ya chumvi katika vyungu yapata karne ya 13 hadi ya 15. Hawakuacha kitabu, waliacha magae. Kwa magae hayo Brian Fagan na John Yellen waliweza kuandika habari zao mwaka 1968. Masizi yaweza kupimwa umri. Mafuta yaliyonywewa na udongo yaweza kutaja chakula kilichopikwa. Na michoro ya shingoni yaweza kusema mkono uliofinyanga ulitoka wapi. Wanawake wengi waliofinyanga na kupika hawakuandikwa popote ila hapo. Msasa wa dakika kumi waweza kufuta ushahidi uliovumilia miaka mingi ya moto.

Haifuati kwamba wenye vyungu wakatazwe kuvipamba. Chungu kilichopakwa rangi kikapandwa ua chaishi. Kilichosahauliwa nyuma ya ghala huwa kokoto. Lililo la haki ni kuacha kitako na upande mmoja bila rangi, na kabla ya kushika msasa kumwuliza mwenye umri nyumbani: chungu hiki kilitoka wapi, nani alikinunua, kwa debe gani la nafaka, na kilipikiwa nini? Majibu yake yaandikwe. Udongo uwahi ungali maji. Na bibi aulizwe angali hai.