Ukuta Uliomeza Kanisa

Wengi wanaoingia Ngome Kongwe, Unguja, hufuata ngoma. Hukaa kwenye ngazi za ukumbi wa wazi, wakasikiliza wanamuziki wa tamasha la Sauti za Busara, kisha huvuka barabara kwenda Forodhani kula urojo. Ni wachache wanaojua kwamba ndani ya kuta zile mna masalia ya kanisa.

Kanisa hilo lilijengwa na Wareno kati ya 1598 na 1612. Mombasa ilipowaponyoka Wareno Desemba 1698, Waomani waliitwaa pwani, na Unguja walihitaji boma upesi, kwani Wareno wangeweza kurudi. Mawe yalikuwepo na kuta zimesimama, basi wakaziunganisha na ngome yao. Ukuta uliokuwa ukisikia sala ukawa mgongo wa askari. Katikati ya karne ya 18 Wamazrui, watawala wa Mombasa, walikuja kuishambulia Unguja, nao wakashindwa.

Karne ya 19 palikuwa kambi ya askari na jela, na waliohukumiwa kifo waliuawa nje ya ukuta. Baadaye, ilipojengwa reli ya Bububu mwanzoni mwa karne ya 20, uwanja ukageuzwa karakana yake.

Kisha ikaja 1949, na kwangu huu ndio ukurasa bora kuliko yote: ngome ikawa klabu ya wanawake. Tuwafikirie mabibi wa Mji Mkongwe wa siku zile, ambao hawakutoka ila wamejifunika buibui. Kuta ndefu zilizojengwa kumzuia adui, zikaja kumfungia mfungwa, sasa ziliwapa wao uwanja wa kukaa jua likiwapiga usoni bila jicho la mtu wa nje. Ukumbi wa maonyesho tunaoujua leo ulikuja miaka ya 1990.

Jirani ya ngome, jumba la Beit al-Ajaib, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na watu wakafa. Ngome nayo haiko salama: ni ya mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa hupumua, lakini saruji ikitumiwa kuikarabati huzuia unyevu ndani hadi jiwe likaoza. Kila tamasha linapokwisha, sehemu ya mapato ya viingilio ingetengwa kununua chokaa na kuwalipa waashi wanaojua kuipiga, kabla nyufa hazijafika kwenye ule ukuta wa kanisa.