Miti ya Mpanda Imemalizwa na Nani? Historia Fupi, na Funzo Kutoka Shinyanga



Juzi hapa Nsemulwa tulikuwa tunasubiri kikao kianze, mzee mmoja akauliza: "Bwana shamba, hii miti yetu imemalizwa na nani?" Wakulima wakasema wachoma mkaa. Mchoma mkaa mmoja akasema wafugaji. Mfugaji akasema watu wa tumbaku. Kila mtu alinyoosha kidole kwa jirani, na kikao kikaanza bila jibu. Leo nataka kumjibu yule mzee kwa historia, maana ukijua tulikotoka utajua pa kuanzia.

Msitu wetu ni wa namna gani

Msitu wa asili wa huku kwetu ni miombo: mitundu, miyombo, mininga, mikurungu na mingine mingi. Udongo wake mara nyingi ni wa kichanga na hauna rutuba nyingi. Rutuba iliyopo inatokana kwa sehemu kubwa na majani yanayodondoka na kuoza kila mwaka. Ndiyo maana ukifyeka na kuchoma, mwaka wa kwanza unavuna vizuri kwa sababu ya majivu. Mwaka wa tatu au wa nne mahindi yanakuwa ya njano, nawe unatafuta pori jipya. Shamba limechoka kwa sababu kilichokuwa kinalilisha kimeondoka.

Wenyeji wa zamani, Wakonongo, Wabende, Wapimbwe na Watongwe, nao walilima kwa kufyeka na kuchoma. Lakini walikuwa wachache, na shamba lililochoka waliliacha miaka mingi mpaka msitu ukarudi. Walitegemea msitu pia kwa uyoga, dawa, asali na nta. Asali ya Inyonga inasifika mpaka leo, na nyuki hao wanakula maua ya miombo.

Watu waliondolewa, msitu ukashika nchi

Miaka ya 1920 na 1930 ugonjwa wa malale uliisumbua sana magharibi ya Tanganyika. Serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi kutoka vijiji vyao vya porini na kuwakusanya kwenye makazi machache ili kuwaepusha na ndorobo. Mashamba ya zamani yakabaki wazi na miti ikaota tena. Kwa hiyo sehemu ya pori tulilodhani halijawahi kuguswa lilikuwa shamba la mababu wa mtu. Shikeni jambo hili moja: miombo ikikatwa inaweza kurudi. Nitalitumia mwishoni.

Reli, mgodi na makazi mapya

Baada ya Vita Kuu ya Pili, madini ya risasi ya Mpanda yalileta reli ya tawi kutoka Kaliua, iliyofika huku karibu na mwaka 1950. Mgodi haukudumu, ulifungwa karibu na wakati wa uhuru, lakini reli na mji vilibaki. Mji unapika kila siku, na huku kwetu kupika ni kuni na mkaa.

Mwaka 1972 mauaji nchini Burundi yaliwafanya watu wengi wakimbilie Tanzania. Serikali iliwapa ardhi ya msitu waifyeke na kulima: makazi ya Katumba yalianza 1973, na Mishamo 1978. Walifanya kazi kubwa, wakazalisha chakula na tumbaku, na wengi wao leo ni raia wenzetu. Miaka hiyo hiyo ya 1970 Operesheni Vijiji iliwakusanya wananchi sehemu moja. Watu wengi wakikaa mahali pamoja, miti ya karibu huisha kwanza.

Kisha tumbaku ikashamiri. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwenye bani kwa moto wa siku kadhaa mfululizo, na kuni zinatoka msituni. Wafugaji nao walihamia kutoka Usukumani, hasa kuanzia miaka ya 1980, wakitafuta malisho na mashamba. Karibuni zaidi ikaja biashara ya magogo, mkurungu ukasakwa kwa ajili ya soko la nje. Na mkaa: kwa tanuri la kawaida la udongo, kilo 10 za kuni kavu hutoa kilo moja hadi mbili tu za mkaa. Gunia moja unaloliona kando ya barabara limekula mti mkubwa kuliko unavyodhani.

Jibu kwa yule mzee ni hili: hakuna mtu mmoja aliyeimaliza. Kila aliyefika alikata kwa sababu iliyoeleweka siku ile. Sisi maofisa nasi tumo. Nilipoanza kazi niligawa miche ya mikaratusi bila kusisitiza ipandwe wapi. Baadhi ya watu waliipanda bondeni, karibu na chemchemi. Mkaratusi unakunywa maji mengi, na hapo si mahali pake. Ilibidi nirudi kuwaomba waing'oe.

Mto Katuma unatuambia nini

Mto Katuma unapita kwenye mashamba ya mpunga, unafika Sitalike na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na maji yake huelekea Ziwa Rukwa. Siku hizi kiangazi unakatika, viboko wanabanana kwenye madimbwi ya tope. Tuseme ukweli, mifereji na mabwawa ya mpunga yana mchango wake. Lakini ardhi ya juu ikiwa tupu, mvua haizami. Inakimbia na udongo, inajaza mto mchanga, kisha inakwisha. Msitu unaipokea mvua, unaipitisha ardhini na kuiachia polepole. Anayekata miti mlimani anapunguza maji ya mwenye mpunga bondeni, hata kama hawajawahi kuonana.

Shinyanga walifika mwisho wakarudi

Ndugu zetu Wasukuma wanaifahamu hadithi hii kuliko mimi. Shinyanga ilikuwa na misitu. Wakati wa ukoloni miti mingi ilifyekwa kufukuza ndorobo, baadaye mashamba ya pamba na mifugo vikaongezeka. Ikafika mahali watu wakawa wanapikia mavi ya ng'ombe na mabua, na wengine wakahama. Baadhi yao wako hapa Katavi leo.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Kilichofanikiwa zaidi ni desturi ya Wasukuma wenyewe, ngitili: kutenga eneo la malisho, kulipumzisha msimu wa mvua, na kulifungulia ng'ombe kiangazi majani yanapokuwa adimu. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta zipatazo 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Miti mingi haikupandwa. Iliachwa ikaota.

Najiuliza: watu waliokimbia nchi isiyo na miti, tukiimaliza na hii, tutahamia wapi?

Tufanye nini msimu huu

1. Usichome wala kung'oa visiki. Mizizi yake bado hai. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, kata mengine, zuia moto na mifugo. Hiki ndicho kisiki hai: hununui mche na humwagilii.

2. Mfugaji, tenga ngitili yako. Anza hata na ekari mbili, na uwataarifu majirani na serikali ya mtaa au kijiji.

3. Mkulima wa tumbaku, panda kuni zako mwenyewe mbali na maji, na ujenge bani linalotumia kuni kidogo.

4. Acha mita 60 kutoka kingo za mto. Ni Sheria ya Mazingira ya 2004.

5. Mfanyabiashara, usinunue mkaa wala mbao zisizo na kibali. Asiye na kibali akikosa mnunuzi, shoka litapumzika.

6. Vijiji vitenge msitu wa kijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu. Wenzetu wa vijiji 8 wilayani Tanganyika wameutunza msitu wa Ntakata na wanalipwa fedha za hewa ukaa, zinazosaidia shule na zahanati. Msitu uliosimama nao unaingiza pesa.

Kabla ya mvua za kwanza nitapita mitaani kuonyesha jinsi ya kuchagua machipukizi. Njoo na panga lako, na mwambie na jirani yako, yule uliyekuwa unamnyooshea kidole.

Tukutane shambani.